Fidla ya kawaida na hardingfele ya Norwei: ipi ikufae?

Ukizitazama kwa mbali utasema ni kitu kimoja. Zote zina nyuzi nne za kupigwa, zote hukaa begani, zote hutolewa sauti kwa upinde wa singa za mkia wa farasi. Zisikilize sasa. Ya kwanza, mpigaji akiinua upinde, sauti hufifia mara moja. Ya pili, akiinua upinde, kuna kitu ndani yake kinaendelea kuimba. Ya pili ndiyo hardingfele, fidla ya jadi ya Norwei, na huo wimbo wa ndani ndio unaozaa tofauti nyingine karibu zote nitakazozieleza hapa.

Ninawaandikia watu wa aina mbili. Kuna wazazi wanaozungumza Kiswahili na kuishi Norwei, wakiwemo wengi waliotoka Kongo na Burundi. Huko kila manispaa inatakiwa kisheria kuwa na shule ya muziki na sanaa kwa watoto, wenyewe wanaiita kulturskole, na katika mabonde kadhaa mtoto anayetaka fidla ataulizwa: unataka ipi? Halafu kuna wapiga fidla wa kwetu, hasa wa taarab, walioisikia hardingfele wakavutiwa nayo, na sasa wanajiuliza kama inafaa kuitafuta.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayetaka kupiga na wenzake, aina nyingi za muziki, achukue fidla ya kawaida. Hardingfele ni ya mtu anayetaka chombo kimoja kijaze chumba peke yake, na ambaye ana mwalimu wa chombo hicho karibu. Sharti hilo la mwalimu lina uzito kuliko anavyodhani mtu anayeanza.

Kilichomo ndani ya mbao

Fidla ya kawaida ilipata umbo lake Italia ya kaskazini katika karne ya 16, mikononi mwa mafundi kama Andrea Amati wa mji wa Cremona. Tangu hapo imebadilika kidogo tu. Kifua chake ni cha mbao laini ya jamii ya msonobari, mgongo ni wa mbao ngumu, nyuzi ni nne, basi.

Hardingfele ina nyuzi nne juu, na chini yake zimo nyingine nne au tano. Hizo za chini hazipigwi kamwe, si kwa kidole wala kwa upinde. Zinapita chini ya ubao wa vidole, zinapenya kwenye matundu ya daraja (kibao chembamba kinachobeba nyuzi), na kazi yake ni kusubiri. Ukipiga juu noti inayolingana na mojawapo, ile ya chini hutetema yenyewe bila kuguswa. Ukipiga noti isiyolingana na yoyote, hunyamaza. Kwa hiyo ndani ya wimbo mmoja kuna noti zinazong'aa na kubaki hewani, na noti kavu zinazopita, na mpigaji mzuri anajua kuzipanga.

Jina linatokana na Hardanger, eneo la fyodi (ghuba nyembamba za bahari kati ya milima) magharibi mwa Norwei. Hardingfele kongwe inayojulikana ilitengenezwa na Ole Jonsen Jaastad wa Ullensvang, na ndani yake imeandikwa mwaka 1651, ingawa wataalamu wamebishana kama mwaka huo ni wa kweli. Lililo hakika ni kwamba katika karne ya 18 baba na mwana, Isak Botnen na Trond Botnen wa Kvam, walizitengeneza kwa wingi na kuzisambaza mbali na kwao. Zile za zamani zilikuwa nyembamba, zenye kifua kilichovimba na shingo fupi. Katikati ya karne ya 19 fundi Erik Johnsen Helland wa Bø, Telemark, akalisogeza umbo lake karibu na fidla ya kawaida, na nyingi zinazouzwa leo zinafuata njia hiyo.

Kisha kuna mapambo. Kichwani, pale fidla ya kawaida inapojikunja kama konokono, hardingfele mara nyingi ina kichwa cha simba au joka lenye taji. Ubao wa vidole umetiwa njumu za lulumizi, mfupa na pembe. Mwilini huchorwa maua na majani kwa wino mweusi. Ni kazi nzuri mno, na ndiyo inayowavuta wengi. Nakuomba uisahau wakati wa kuchagua. Zipo hardingfele zilizopambwa hadi basi lakini zina sauti butu, na zipo zenye mapambo machache zinazoimba vizuri kabisa.

Mikono inafanya nini

Daraja la fidla ya kawaida limepinda vya kutosha ili upinde uguse uzi mmoja bila kuwagusa majirani. Ndiyo maana fidla hiyo huimba kama mtu: sauti moja, iliyo wazi. La hardingfele ni bapa zaidi, na ubao wa vidole vilevile. Upinde ukilala juu yake hugusa nyuzi mbili kwa urahisi, na hivyo ndivyo inavyopigwa karibu muda wote: uzi mmoja unabeba wimbo, wa jirani unavuma.

Kwa anayehama kutoka fidla ya kawaida, hapa ndipo penye kazi. Mkono wa kushoto hauna shida sana, maana vipande vingi vya hardingfele hupigwa vidole vikiwa karibu na kichwa, bila kupanda juu shingoni. Mkono wa kulia ndio unaotakiwa kujifunza upya: uzito mdogo, upinde mwepesi, kuteleza kutoka jozi moja ya nyuzi kwenda nyingine bila kukata mvumo. Aliyezoea kukamua sauti nene kwa kukandamiza ataifanya hardingfele ikwaruze. Na ule mtikiso wa kidole ambao wapiga fidla wengi huuweka kila noti ndefu, hapa hautumiki sana; nyuzi za chini zimekwisha kufanya kazi hiyo, na mtikiso ukizidi zinashindwa kuitika.

Kinyume chake pia ni kweli. Aliyeanzia hardingfele kisha akakaa kwenye okestra atahangaika kupiga uzi mmoja safi, na kupanda juu kabisa ya shingo kutamtisha.

Kutyuni: hapa uwe na subira

Kutyuni ni kukaza kila uzi hadi utoe noti yake. Fidla ya kawaida, kwa mtindo wa Ulaya, hutyuniwa kwa noti za G, D, A, E kuanzia uzi mnene. Ukiwa na kinanda au programu ya simu, unamaliza haraka.

Hardingfele inayotyuniwa kwa mtindo wa kawaida husomwa A, D, A, E, yaani uzi mnene umepandishwa sauti nzima. Zile tano za chini huwa B, D, E, F# na A. Ila huo ni mtindo mmoja tu kati ya mingi. Ipo zaidi ya 20 katika jadi hiyo, na vipande fulani havipigiki ila kwa mtindo wake. Mmoja mashuhuri ni A, E, A, C#, unaoitwa wa majitu ya porini, na husimuliwa kwamba vipo vipande ambavyo vikipigwa sana huweza kumpagawisha mpigaji hadi watu wamnyang'anye fidla mkononi. Ukibadilisha za juu, mara nyingi na za chini unazifuatisha, na zote zina vigingi vya mbao vinavyokwama au kuteleza hali ya hewa ikibadilika. Ndiyo sababu wapigaji wa hardingfele kwenye jukwaa husimulia hadithi ndefu kati ya kipande na kipande. Wanatyuni.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji huwa hakwambii. Majina hayo ya noti ni ya kusomea tu. Hardingfele kwa desturi hukazwa juu zaidi, kiasi cha sauti nzima hivi, kwa hiyo A yake inakaribia B ya kinanda. Peke yake inapendeza, inakuwa na ukali wa furaha. Ukitaka kupiga na akodiani au kinanda, mmoja wenu atalazimika kubadili ufunguo, na ukiilegeza sana ili ilingane na wengine inapoteza nusu ya mng'ao wake.

Peke yako au na wenzako

Hili ndilo swali lenyewe, na naona linakosewa na watu wengi wanaoanza kulinganisha bei.

Hardingfele ilitengenezwa ili mtu mmoja achezeshe nyumba nzima. Arusi za vijijini hazikuwa na bendi; alikuwepo mpigaji mmoja, kiti chake, na mguu wake unaogonga sakafu. Mvumo wa nyuzi mbili, mwitiko wa nyuzi za chini na mguu vilijaza mahali pa ngoma na wapiga wengine. Ndiyo maana muziki wake ni mgumu kugawana. Chukua springari, ngoma ya mapigo matatu. Telemark, pigo la tatu ndilo fupi. Valdres, la kwanza ni fupi, la pili refu, la tatu la wastani. Hakuna mashine ya kuhesabia mapigo itakayokusaidia; unaupata mwendo kwa kukaa mbele ya mwalimu na kutazama mguu wake, na wachezaji wake wakiwepo ndiyo bora zaidi. Gangari, ngoma ya kutembea, na halingi, ambayo kijana huruka kuipiga teke kofia iliyoshikwa juu ya fimbo, zina mapigo yaliyolingana na ni pazuri pa kuanzia.

Aliyeonyesha nguvu ya mtu mmoja na chombo hiki ni Torgeir Augundsson wa Telemark, anayejulikana zaidi kama Myllarguten, kijana wa kinuni. Mwaka 1849 Ole Bull, mpiga fidla wa Bergen aliyekuwa na jina kubwa Ulaya na Marekani, alimpandisha jukwaani Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Mkulima maskini akapiga ngoma za kijijini mbele ya watu wa mjini waliozoea kumbi za muziki wa Kijerumani, nao wakamshangilia. Ole Bull mwenyewe alipiga fidla ya kawaida, ila alitumia daraja bapa kuliko wenzake ili aweze kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja. Alikuwa amekulia akiwasikia wapigaji wa namna ile.

Fidla ya kawaida ilikwenda njia nyingine. Ilikaa kwa safu, kumi kwa mkupuo, ikawa msingi wa okestra. Ikaingia kwenye muziki wa Ireland, wa Marekani, wa India ya kusini, wa Cairo. Mpiga fidla akihama nchi, kesho yake anaweza kupata watu wa kupiga nao. Mwenye hardingfele akitoka nje ya Norwei atawatafuta wenzake kwa tochi, isipokuwa Marekani, ambako wazao wa wahamiaji wa Norwei walianzisha chama cha hardingfele mwaka 1983.

Na nyuzi hizi mbili za historia hazitenganishi "ya Norwei" na "ya kigeni". Mzazi asidhani kwamba mtoto akichukua fidla ya kawaida ameiacha jadi ya nchi aliyopo. Hardingfele ni ya mabonde ya magharibi na kusini: Hardanger, Voss, Telemark, Setesdal, Hallingdal, Numedal, Valdres. Ukienda Gudbrandsdalen, Østerdalen, Trøndelag na kaskazini, fidla ya jadi ni ile ya kawaida. Røros wana ngoma yao ya polsi, na wapigaji wake hupenda kukaa pamoja, mmoja akibeba wimbo na mwingine akimfuata kwa sauti ya pili. Kwenye mashindano ya kitaifa ya muziki wa jadi, hardingfele na fidla ya kawaida kila moja ina kundi lake la kushindania, na hakuna iliyo chini ya nyingine.

Kwa mpiga fidla wa taarab

Kwako wewe nitasema kwa undani kidogo, maana una faida ambazo wengine hawana, na una kikwazo kimoja kikubwa.

Faida ya kwanza ni sikio. Vipande vya zamani vya hardingfele vina noti zinazokaa katikati ya noti za piano, na mwanafunzi aliyelelewa na piano huzisikia kama kosa. Aliyezoea robo sauti za maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, hatashtuka. Faida ya pili ni mazoea ya kubadili tyuni: wapiga fidla wengi wa Kiarabu, Misri na kwingineko, hukaza G, D, G, D badala ya ile ya Ulaya, na desturi ya Misri ndiyo iliyoilea taarab ya Unguja. Kujifunza kwa kusikia nako si jambo geni kwako, na jadi ya hardingfele ilipita hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa. Mpigaji Knut Dahle wa Telemark alipoona amezeeka, alimwandikia mtunzi Edvard Grieg akiomba vipande vyake visife naye. Mwaka 1901 Johan Halvorsen, mpiga fidla wa kawaida, akakaa naye na kuviandika noti kwa noti, na mwaka 1903 Grieg akavitoa kwa piano.

Kikwazo ni nyuzi za chini. Tuseme unapiga maqamu ya bayati kuanzia D: D, E iliyoshushwa robo, F, G, A. Nyuzi za chini zimetyuniwa E na F#. D na A zitaitika, lakini E yako ya robo na F yako hazitapata wa kuziitikia, na zitasikika kavu mahali ambapo wimbo unahitaji utamu zaidi. Unaweza kuzityuni upya za chini zifuate bayati, na matokeo yake ni mazuri sana. Ila wimbo wa taarab haukai maqamu moja. Ukihamia rasti au hijazi katikati, hakuna nafasi ya kugeuza vigingi vitano. Na ukiwa kwenye safu ya fidla za kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, mnapopiga wimbo mmoja kwa sauti moja pamoja na kanuni, udi na akodiani, mvumo wako wa nyuzi mbili utawachafulia wenzako. Kwa taqsimu, yaani kubuni papo kwa papo ukiwa peke yako, hapo naona pana kitu. Kwa kazi ya kikundi, baki na fidla yako.

Mtoto, mwalimu na bonde

Fidla za kawaida zinapatikana kwa saizi nyingi, hadi za mtoto wa miaka minne. Hardingfele ndogo zipo lakini ni adimu, kwa hiyo walimu wengi humwanzisha mtoto kwa fidla ndogo ya kawaida iliyowekewa daraja bapa, kisha akikua anapewa hardingfele kamili. Hii ina maana kwamba uamuzi hauna haraka: mwaka wa kwanza unaweza kupita bila kufunga mlango wowote.

Kama mnaishi Voss, Setesdal au Telemark, na mwalimu wa hardingfele yupo, mimi ningemwacha mtoto aichukue. Setesdal hasa, ambako upigaji, uchezaji na uimbaji wao uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2019 kama urithi wa dunia usioshikika. Mtoto wa mgeni anayejua springari ya bonde lake hana haja ya kuulizwa sana anatoka wapi. Wazee wa pale watamwuliza alijifunza kwa nani. Kama mnaishi Oslo au mjini pengine na mnaweza kuhama tena kwa kazi, fidla ya kawaida itamfuata kila mahali.

Familia zenye dini huenda zikasikia kwamba hardingfele iliitwa chombo cha shetani. Ni kweli iliitwa hivyo. Walisema mpigaji hufundishwa na jini wa maporomoko ya maji kwa malipo ya nyama, na katika karne ya 19 wahubiri waliwahimiza watu wazichome fidla zao, na wengine walizichoma. Siku hizi hupigwa kanisani pamoja na ogani, na maharusi huingia kwa maandamano yake.

Bei na matunzo

Fidla ya mwanafunzi ni rahisi kupata, ya kununua au ya kukodi. Hardingfele ya fundi ni ghali zaidi sana, kwa sababu ya saa za kazi zilizomo, na nyuzi zake huagizwa kwa watu wachache. Uliza kwanza kama shule inakodisha.

Norwei wakati wa baridi hewa ya ndani ni kavu na mbao hupasuka. Weka kifaa cha unyevu ndani ya kasha. Pwani yetu shida ni kinyume: joto na unyevu hulegeza gundi ya ngozi inayoshikilia vipande, na hewa ya chumvi hutia kutu nyuzi nyembamba za chuma zilizo chini. Fidla ya kawaida inavumilia zaidi, na fundi wa kuitengeneza huenda ukampata. Wa hardingfele hutampata.

Kabla hujatoa pesa

Jaribio bora halikugharimu kitu. Chukua fidla ya kawaida, pandisha uzi mnene polepole kutoka G hadi A, kisha piga nyimbo unazozijua ukigusa nyuzi mbili kila mara. Ukipenda, mwombe fundi akuchongee daraja la pili, bapa, utakaloweza kulitoa. Hutapata mwitiko wa chini, lakini mkono wa kulia utakwambia kama unaipenda kazi hii au ulipenda tu sauti ya mtu mwingine.

Ukishapata hardingfele ya kuuzwa, hasa ya zamani, geuza kila kigingi, vyote vinane au tisa, uone kama kinashika. Angalia nyufa kwenye kisanduku cha vigingi, kwa kuwa ni kirefu na kimebeba mkazo wa nyuzi nyingi. Kisha donoa nyuzi za chini moja moja kwa ncha ya kucha, pale karibu na daraja. Uzi ukisikika ukikwaruza, unagusa ubao wa vidole au tundu la daraja, na hilo fundi hulirekebisha. Uzi usiposikika kabisa na haujakatika, iache hardingfele hiyo hapo ilipo.